Kutoka Ba Be Bi Mpaka Hadithi

Ubaoni mna silabi tano: ba, be, bi, bo, bu. Darasa la kwanza zima linaziimba kwa pamoja, na sauti inafika mpaka kwenye mwembe ulio mbele ya ofisi ya mwalimu mkuu. Wanarudia mara ya pili, mara ya tatu, bila hata mmoja kujikwaa. Kisha mwalimu anaweka ncha ya kijiti chini ya silabi ya nne na kumwita mvulana aliyekaa dawati la nyuma. Mvulana anasimama. Midomo inacheza bila sauti, vidole vinajikunja kimoja kimoja pembeni mwa kaptula: ba, be, bi... Halafu anapaza sauti, "Bo!"

"Mpigieni makofi," anasema mwalimu, nao wanapiga.

Jibu ni sahihi, ila mwalimu aliyezoea darasa la kwanza ameshaviona vile vidole. Mtoto hajaisoma silabi ya nne, ameihesabu. Mwalimu anafuta zote tano, anaandika bo peke yake katikati ya ubao, na mvulana yule yule anaikodolea macho kama mgeni aliyeingia uani bila kupiga hodi.

Walimu wa madarasa ya chini wanamjua vizuri mtoto huyu. Kusoma kwake wanakuita kusoma kikasuku. Anaweza kukaa hivyo mwaka mzima, hata miwili, akaitika pamoja na wenzake, akapigiwa makofi, akapanda darasa, na pasiwe na aliyegundua, kwa sababu sauti yake imejificha ndani ya sauti za watoto 80 au 100 waliobanana chumba kimoja. Tanzania ilipoondoa ada na michango ya lazima kwa Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015, milango ilifunguka Januari 2016 na watoto wakamiminika. Lilikuwa jambo jema na la haki. Lakini mwalimu wa darasa la kwanza alibaki mmoja, na kijiti chake kilibaki kimoja.

Kinachosikitisha zaidi ni kwamba Kiswahili ni lugha yenye huruma kwa anayeanza kusoma. Vokali zake ni tano tu, na kila moja inatamkwa vile vile popote inapokaa. Mtoto anayeanza na Kiingereza hukutana na maneno kama through, tough na though, yanayofanana kwa macho na kuachana kabisa kwa sauti. Mtoto wa Kiswahili hana mtego huo. Akishazishika vokali na konsonanti nne tu, m, b, k na t, tayari anaweza kusoma mama, baba, kaka, babu, bibi, kuku, moto, kiti, kabati, na hata kitabu. Mwalimu anayejua kazi yake huanza na sauti, akazikutanisha zikawa silabi, akaziunga silabi zikawa neno, kisha haraka iwezekanavyo anaipeleka ile kazi kwenye sentensi yenye maana. Zana zake si za gharama: kadi zilizokatwa kwenye maboksi, vizibo vya soda vilivyoandikwa herufi moja moja, na mfuko-ukuta ulioshonwa kwa kitambaa au gunia, ambamo kadi huchomekwa na kuhamishwa mpaka "kata" igeuke "taka" mbele ya macho ya watoto. Siku mtoto anapoona neno likigeuka hivyo na akacheka, kazi kubwa imefanyika.

Ugumu haukosekani. Ng ya ngoma na ng' ya ng'ombe zinatenganishwa na kialama kidogo ambacho hata watu wazima hukisahau. Katika mbwa, konsonanti tatu zimebanana mlangoni pa vokali moja. Mtoto ambaye lugha ya nyumbani kwao haitenganishi r na l atasoma "kulala" na "kurara" kama kitu kimoja, na si kosa lake. Tena katika mikoa mingi ya Tanzania, na kwa sehemu kubwa ya Kenya, Kiswahili chenyewe mtoto hukutana nacho kwa uzito shuleni. Nyumbani amekua na Kisukuma, Kimasai, Kigogo au Kiluo. Huyo anafundishwa mambo mawili kwa wakati mmoja: lugha, na namna ya kuisoma.

Halafu kuna urefu wa maneno. "Walipomkaribisha" ni neno moja lenye silabi nane, na ndani yake kuna mtenda, wakati, mtendwa na tendo. Mtoto anayesoma kwa kuvuta silabi moja moja, wa... li... po... m..., akifika kwenye "sha" ameshasahau alianzaje. Amezitamka zote na hakuambulia kitu. Ndiyo maana walimu husisitiza wepesi wa kusoma. Mbio hazina thamani yoyote, lakini akili ya mtoto haiwezi kuhangaika na herufi na wakati huo huo ikashika habari. Herufi zinapaswa kuzoeleka mpaka zisionekane tena, kama mtu anavyozoea njia ya kwenda kisimani hata asitazame anapokanyaga.

Maana nayo haimo yote kwenye herufi. Kaa hutembea upande ufukweni. Kaa limebaki jikoni moto ukizimika. "Kaa chini," mwalimu amesema. Kasuku atayatamka yote matatu bila kosa, msomaji atayatenganisha. Mfano mzuri kuliko huo ni neno barabara. Gari likipita kwenye barabara, mkazo unaangukia silabi ya tatu. Kazi ikifanyika barabara, mkazo unarudi kwenye silabi ya pili. Maandishi ni yale yale. Mtoto hawezi kulitamka neno hilo sawasawa mpaka awe ameielewa sentensi, na mwalimu anayetaka kujua kama mwanafunzi wake anasoma kweli angeweza kumpa sentensi hizo mbili tu, akakaa kimya na kusikiliza.

Kwa miaka mingi hakuna aliyesikiliza kwa namna hiyo kwa upana wa nchi. Takwimu zilihesabu madawati, walimu na walioandikishwa. Mwaka 2010 ndipo watu wa kujitolea wa mpango wa Uwezo, uliokuwa ukifanyika Tanzania, Kenya na Uganda kwa kufuata mfano wa utafiti wa ASER wa India, walipopita nyumba kwa nyumba na jaribio fupi: silabi, maneno, aya, hadithi. Kila mtoto alisoma peke yake, pasipo kwaya ya kujificha. Nchini Tanzania, kati ya kila watoto 10 wa darasa la tatu, ni takriban 3 tu walioweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Habari hiyo iliwachoma wengi, na ilistahili kuwachoma. Mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili ukapunguzwa masomo ili muda mwingi uende kwenye KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu.

Mpaka hapo mjadala umekuwa wa kumfanya mtoto aweze kusoma. Kumfanya apende ni habari nyingine, na ndiyo inayosahaulika.

Muulize Mtanzania yeyote aliyesoma shule ya msingi katika miaka ya 1970 au 1980 kuhusu kitabu cha Tujifunze Lugha Yetu, na uso wake utabadilika. Atakutajia wahusika wake, Bulicheka na mke wake Elizabeti. Atakutajia jina la Wagagagigikoko, kwa kicheko, na bila kukosea hata ga moja. Atakumbuka "Kibanga Ampiga Mkoloni", "Brown Ashika Tama" na sungura wa "Sizitaki Mbichi Hizi". Wengi wa watu hao hawakumbuki tena kanuni walizokariri kwa ajili ya mtihani wa darasa la saba, lakini hadithi hizo wanazo mpaka leo, pamoja na picha zake na hata mahali picha ilipokaa kwenye ukurasa. Kitabu kilikuwa kimoja kwa watoto watatu au wanne, karatasi yake nyembamba, jalada limechakaa. Bado kilifanya kazi, kwa sababu ndani yake mlikuwa na watu, vituko na hofu, na mtoto alitaka kujua kilichofuata.

Lugha ya ofisi za elimu inavigawa vitabu vya shule katika makundi mawili. Kuna vitabu vya kiada, vinavyofuata mtaala na kutahiniwa, na kuna vitabu vya ziada, ambamo hadithi zote za watoto zimetupwa. Neno hilo, ziada, limeleta hasara kubwa. Kitu cha ziada hununuliwa fedha ikibaki, na fedha ya shule ya msingi haibaki. Kikinunuliwa, huchukuliwa kama mapambo. Katika shule nyingi vitabu vya hadithi vipo, vimegongwa mhuri, vimeandikwa kwenye daftari la kumbukumbu, na vimefungiwa kwenye kabati la ofisini kwa kufuli. Mwalimu mkuu si mtu mbaya. Anajua kwamba mkaguzi akija atahesabu, na kitabu kilichopotea kitamlaza macho, ilhali kitabu ambacho hakijasomwa na mtu hakina anayekiulizia. Hapo mkaguzi ndiye anayepaswa kubadilisha swali lake. Angeomba kuona vitabu vilivyokunjika pembe, vyenye alama za vidole vyenye mafuta ya mihogo, na akaandika kwenye ripoti yake kwamba shule hii inasomesha.

Vitabu peke yake, hata hivyo, havimfanyi mtoto awe msomaji. Katika miaka ya 1990 shule za msingi za vijijini magharibi mwa Kenya, upande wa Busia, zilipewa vitabu vya kiada bure, na watafiti Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin wakafuatilia kilichotokea. Matokeo waliyochapisha mwaka 2009 yaliwashangaza wengi: wastani wa alama haukupanda. Walionufaika ni wanafunzi waliokuwa tayari wako mbele. Vitabu vile vilikuwa vya Kiingereza, ambacho kwa wengi wa watoto hao kilikuwa lugha ya tatu, na viliandikwa kana kwamba kila mtoto wa Kenya amekulia nyumba yenye rafu ya vitabu. Mtoto wa kawaida alikishika kitabu kipya, akakifungua, na akakikuta kimefungwa.

Kenya hiyo hiyo ilijifunza. Kuanzia mwaka 2015 mpango wa Tusome, wa wizara ya elimu ukisaidiwa na fedha za Marekani, uliingia katika shule za serikali zaidi ya 20,000. Kila mtoto wa madarasa ya mwanzo alipewa kitabu chake mwenyewe cha Kiswahili na cha Kiingereza. Mwalimu alipewa mwongozo unaoonyesha somo la kila siku, na maofisa wa elimu wa eneo wakapewa tableti na kazi ya kukaa darasani, kusikiliza watoto wachache wakisoma, kisha kuzungumza na mwalimu baada ya kipindi. Usomaji ulipanda, na ulipanda kwa shule za kawaida za serikali. Hapakuwa na siri yoyote: kitabu kinachosomeka mkononi mwa kila mtoto, mwalimu anayejua afanye nini kesho asubuhi, na mtu mzima anayekuja kusikiliza.

Kuna kitu kimoja zaidi, hakihitaji bajeti, na kinachukua dakika kumi. Ni mwalimu kuwasomea watoto hadithi kwa sauti.

Anayeifanya kazi hii vizuri hasimami nyuma ya meza. Anakaa kwenye kiti kidogo, watoto wamemzunguka sakafuni, kitabu amekielekeza kwao ili picha waione. "Hadithi! Hadithi!" anaanza, nao wanamjibu, "Hadithi njoo!" Visiwani na pwani angeanza kwa "Paukwa!" na kuitikiwa "Pakawa!" Watoto wanaijua sheria hiyo tangu kwa bibi zao, kipya ni kwamba leo hadithi inatoka kwenye karatasi. Mwalimu anasoma huku kidole kikitembea chini ya mstari. Sungura amemwambia fisi kwamba kisimani mna nyama. Fisi ameinama, anaona mwezi majini, mweupe, mnono. Hapo mwalimu ananyamaza. Ukurasa haufunuliwi.

"Mnadhani fisi atafanyaje?"

"Ataruka, mwalimu!"

"Umejuaje wewe?"

"Kwa sababu fisi mlafi."

Mtoto aliyejibu hivyo hajasoma hata neno moja kwa macho yake, lakini amefanya kila kinachofanywa na msomaji mkomavu. Ameshika habari, amemjua mhusika, amekisia kinachokuja na ametoa sababu. Mwalimu anafunua ukurasa, fisi yumo majini, na darasa linalipuka kwa kicheko. Kesho yake wataomba hadithi ile ile, na kesho kutwa pia. Mwalimu asichoke kuirudia. Mtoto anayeijua hadithi kwa moyo akishika kitabu chake, macho yake yanajua neno gani linakuja, na herufi ambazo jana zilikuwa madoa meusi zinaanza kuitika majina yake.

Baada ya kusoma, kitabu hakirudi ofisini. Kinatundikwa kwa kibanio cha nguo kwenye kamba iliyofungwa pembeni mwa darasa, mahali walimu wanapopaita kona ya kusomea. Wakati wa mapumziko wasichana wawili watakitungua na kulala kifudifudi mbele yake. Mmoja anapitisha kidole kwenye mistari na kuisimulia hadithi kwa maneno yake, nusu yapo kwenye kitabu, nusu ametunga. Mtu mzima mwenye haraka angesema anadanganya. Sivyo. Ameshaelewa kwamba mistari ile inasema kitu, kwamba inakwenda kutoka kushoto kwenda kulia, na kwamba yeye anayo haki ya kuisemesha.

Hadithi za kutundika kwenye kamba hiyo zinapatikana, japo si kwa wingi unaohitajika. Mradi wa Vitabu vya Watoto ulianza Tanzania mwaka 1991, wakati rafu zilikuwa karibu tupu, ukawafunza waandishi na wachoraji wa ndani namna ya kumwandikia mtoto. Mpango wa African Storybook, uliozinduliwa Afrika Kusini mwaka 2014, unatoa bure mtandaoni hadithi fupi katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo, na mwalimu mwenye simu na mahali pa kuchapisha anaweza kupata kitabu kwa bei ya karatasi. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyoanza kutolewa mwaka 2023, imepanua mlango na kuingiza hadithi za watoto. Hizi ni juhudi za kuungwa mkono kwa nguvu, kwa sababu mchapishaji anayetoa kitabu cha picha cha Kiswahili anaingia hatarini: picha za rangi ni ghali, mzazi ananunua kile tu kilichoandikwa kwenye orodha ya shule, na kama serikali hainunui, maboksi yanakaa ghalani. Kule Garissa, kaskazini mashariki mwa Kenya, huduma ya taifa ya maktaba ilianza kupeleka vitabu kwa wafugaji kwa ngamia mwaka 1996. Ikiwa vitabu vinaweza kubebwa na ngamia kuvuka mchanga, ni vigumu kukubali kwamba kabati la ofisini haliwezi kufunguliwa.

Wazazi nao huogopa wanapoambiwa wasaidie, hasa wale ambao shule iliwapita. Bibi asiyejua herufi anaweza kuwa msaada mkubwa kuliko mjomba mwenye shahada anayesahihisha kila kosa. Mjukuu anasoma karibu na taa ya sola, bibi anachambua mchele na kuuliza, "Enhe, halafu?" Mjukuu akikwama, bibi anasubiri. Akimaliza, bibi anaomba asimuliwe tena, kwa sababu hakusikia vizuri ile sehemu ya mzee na mbuzi. Kwa kumsimulia bibi, mtoto anagundua mwenyewe kama alielewa au alitamka tu.

Maandishi yapo mengi kuliko tunavyodhani, hata kwenye nyumba isiyo na kitabu. Kanga ya mama ina jina, yaani msemo wake, kwa herufi kubwa, na mtoto anayefuata nyuma yake kwenda sokoni anaweza kulisoma njia nzima. Daladala zina majina ya vituo mbele. Mfuko wa sembe una maneno. Watoto walioonja utamu wa kusoma hawabagui.

Utawakuta jioni kwenye meza ya muuza maandazi. Msichana mdogo, sare bado mwilini, amepewa maandazi matatu yaliyofungwa kwenye gazeti la zamani. Haondoki. Amekunjua karatasi, ameyashika maandazi kwa mkono mmoja, na midomo yake inacheza. Kuna habari ya mtu na mamba. Mtu ameingia mtoni, mamba ameinua kichwa, na hapo karatasi imechanika.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Maandazi hayakutosha?"

"Yametosha. Kipande kingine cha hii karatasi kiko wapi?"

Mama anamtazama, anafuta mikono kwenye kanga, na kuanza kupekua rundo la magazeti chini ya meza.